Rejimenti ya Rhode Island: Ahadi ya Uhuru na Deni Lake



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kuwakumbuka askari weusi wa Rhode Island, waliopigania uhuru wa Marekani katika vita vilivyoanza mwaka wa 1775 na kumalizika mwaka wa 1783. Chama chetu kiliundwa ili mtu asiachwe peke yake katika ugonjwa, uzee wala msiba. Askari hawa walishinda vita, kisha wengi wao wakaachwa peke yao. Kwa hiyo habari zao zatuhusu.

Rhode Island ilikuwa koloni dogo la Mwingereza, na bandari yake kubwa ilikuwa Newport. Matajiri wake walipeleka meli Afrika ya Magharibi kununua watu. Wala katika makoloni yale 13 hapakuwa na jingine lililotuma safari nyingi za namna hiyo kama lenyewe. Basi wale waliokataa kutawaliwa na Mfalme wa Uingereza walikuwa wakimiliki watumwa majumbani mwao.

Mwezi wa Desemba 1776, majeshi ya Mfalme yaliitwaa Newport. Vita vilipoendelea, jimbo hili likashindwa kupata askari wa kutosha kujaza batalioni zake. Mwanzoni mwa mwaka wa 1778, Jenerali George Washington alipokuwa kambini Valley Forge katika baridi kali, Jenerali James Mitchell Varnum, mtu wa Rhode Island, alimletea shauri kwamba batalioni moja ijazwe kwa watu weusi. Mwezi wa Februari Baraza la jimbo likapitisha sheria: mtumwa yeyote mwenye nguvu, akiwa mweusi, chotara au mwenyeji wa asili wa nchi ile, aliweza kujiandikisha mpaka mwisho wa vita, na mara alipokaguliwa na kukubaliwa, alikuwa mtu huru kabisa. Bwana wake alilipwa kadiri ya thamani iliyokisiwa, isiyozidi paundi 120.

Wajumbe kadhaa waliipinga sheria hiyo. Walihofu kuambiwa kwamba wamenunua watumwa ili wawalindie haki zao. Mlango huo haukukaa wazi muda mrefu, kwani baada ya tarehe 10 Juni mwaka ule ule hakuna mtumwa aliyeruhusiwa tena kujiandikisha. Hata hivyo, watumwa wapatao mia moja walikuwa wamekwisha kuingia, wakaungana na watu weusi waliokuwa huru tangu awali na wenyeji wa asili. Hii ndiyo Rejimenti ya Kwanza ya Rhode Island, chini ya Kanali Christopher Greene.

Tarehe 29 Agosti 1778, wakiwa na miezi michache tu ya mafunzo, walijaribiwa vitani. Merikebu za Ufaransa zilizokuja kusaidia zilikuwa zimeharibiwa na tufani na kuondoka, na jeshi la Jenerali John Sullivan likalazimika kurudi nyuma kutoka kisiwani. Rejimenti iliwekwa upande wa kulia kuzuia adui. Askari wa Kijerumani, waliokodishwa na Mfalme, wakawashambulia, wakarudishwa. Wakaja tena, wakarudishwa tena. Mstari haukuvunjika, na usiku wa tarehe 30 jeshi lote likavuka salama hadi bara.

Mwaka wa 1781 rejimenti mbili za jimbo ziliunganishwa kuwa moja. Tarehe 14 Mei mwaka huo, karibu na mto Croton katika jimbo la New York, wafuasi wa Mfalme waliivamia kambi alfajiri. Kanali Greene aliuawa, na baadhi ya askari wake weusi wakafa pamoja naye. Waliosalia waliongozwa na Jeremiah Olney hadi Yorktown, wakawapo tarehe 19 Oktoba 1781 jeshi la Mwingereza liliposalimu amri. Ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, Ludwig von Closen, aliyewatazama kiangazi kile, aliandika akiwasifu kupita wenzao wote kwa sare nadhifu na gwaride lenye utaratibu.

Mwezi wa Juni 1783, huko Saratoga, wengi wao waliagwa. Walikuwa wametumika miaka mitano, walakini walirudi makwao bila kulipwa mishahara yao yote. Tena, sheria ya mwaka wa 1778 ilimfungua askari peke yake. Mkewe na watoto wake, kama walikuwa watumwa, walibaki mikononi mwa mabwana zao. Sheria nyingine ya mwaka wa 1784 iliwapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa tangu tarehe 1 Machi mwaka huo. Waliozaliwa kabla yake haikuwagusa. Kwa hiyo baba aliyepigania nchi aliweza kumwona mwanawe akiitwa mali ya mtu.

Kanali Olney hakuwatupa. Aliwatetea katika madai ya mishahara yao, na pia mabwana wa zamani walipojaribu kuwarudisha utumwani. Mwaka wa 1785 ilibidi Baraza litunge sheria ya kuwatunza wale waliokuwa watumwa, wakawa askari, kisha wakaangukia umaskini. Malipo ya uzeeni kwa askari wahitaji wa vita hivyo yalikuja mwaka wa 1818, miaka 35 baada ya Saratoga. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Leo kumbukumbu ya rejimenti hii imesimamishwa Portsmouth, Rhode Island, mahali pa vita vya mwaka wa 1778. Ni jambo la heshima, nasi twalisifu. Lakini jiwe halimlishi mjane, wala halimnunulii mgonjwa dawa. Wahenga walisema ahadi ni deni, wakasema tena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Na deni la mtu aliyetoa nguvu zake hulipwa vema akiwa bado yu hai kulipokea.

Kwa ajili hiyo twawasihi wanachama wasione daftari letu la michango kuwa karatasi tupu. Kila jina lililoandikwa humo ni ahadi tuliyompa mtu. Na tuitimize mapema, kabla jina hilo halijahamia kaburini.