Miwani ya uhalisia pepe: Namna anachokiona mmoja kinavyofikishwa kwenye televisheni

Mtu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe huwa peke yake hata akiwa katikati ya chumba kilichojaa watu. Yeye anaona chumba cha upasuaji, sakafu ya bahari au uwanja wa michezo, na walio kando yake wanaona mtu anayepapasa hewa. Katika michezo ya nyumbani hali hiyo huzua kicheko tu. Katika mafunzo ya udaktari ni tatizo la kweli, kwa sababu mwalimu hawezi kusahihisha kosa asiloliona.

Nchini Zambia tatizo hilo si la kufikirika. Kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Marekani walishirikiana na madaktari wa Lusaka kuandaa mafunzo ya upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia miwani ya Oculus, ambayo ilikusudiwa michezo ya kompyuta. Mwanafunzi huvaa miwani, hushika vidhibiti viwili na kurudia hatua za upasuaji wa kuondoa kizazi mara nyingi apendavyo, bila kumgusa mgonjwa. Zambia ni miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya saratani hiyo duniani, na Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wanawake wanaobainika kuwa na ugonjwa huo wawe wanapata matibabu. Lengo hilo haliwezi kufikiwa bila mikono iliyofunzwa.

Miwani ya kizazi hicho iliunganishwa na kompyuta kwa waya. Picha ilichorwa ndani ya kompyuta, hivyo ilikuwa rahisi kuionyesha pia kwenye skrini iliyo mezani. Ndivyo ilivyo hata leo kwa miwani ya PlayStation VR2, ambayo hupokea picha kwa waya kutoka kwenye mashine ya PlayStation 5, nayo mashine hiyo ikawaonyesha waliokaa sebuleni kupitia televisheni.

Mambo yalibadilika mwaka 2019, Oculus Quest ilipoingia sokoni. Miwani hiyo, pamoja na Quest 2 ya mwaka 2020 na Quest 3 ya mwaka 2023, hubeba kompyuta yake ndani na haihitaji waya. Mvaaji alipata uhuru wa kutembea, lakini aliyesimama pembeni alipoteza skrini yake. Ili aipate tena, picha lazima isafiri hewani.

Picha ya jicho moja

Ndani ya miwani hakuna picha moja bali mbili, kila jicho na yake. Katika Quest 2 kila jicho lina pikseli 1,832 kwa 1,920, na katika Quest 3 ni 2,064 kwa 2,208. Tofauti ndogo iliyopo kati ya picha hizo mbili ndiyo inayoufanya ubongo uhisi kwamba kitu hiki kiko karibu na kile kiko mbali.

Televisheni ya kawaida haina nafasi ya picha mbili. Kwa hiyo miwani huchukua picha ya jicho moja, huikata kingo ili ilingane na umbo la skrini, huibana ili iwe nyepesi, kisha huirusha kwa Wi-Fi. Kinachofika kwenye televisheni ni sehemu tu ya kile anachokiona mvaaji: pembe zimekatwa, ubora umepungua na hisia ya umbali imetoweka kabisa. Mkufunzi anayemwambia mwanafunzi asogeze kisu mbele kidogo huwa anakisia umbali kwa kutazama picha bapa, ilhali mwanafunzi mwenyewe anauona.

Upungufu huo wa ubora una sababu. Kichakataji cha miwani tayari kina kazi nzito, kwani lazima kichore picha mpya mara 72 au zaidi kwa kila sekunde, na kichwa kinapogeuka picha inapaswa kugeuka nacho ndani ya takribani milisekunde 20. Ikichelewa zaidi ya hapo, mvaaji huanza kuhisi kichefuchefu. Kurusha picha ni mzigo wa pili juu ya kichakataji hichohicho na betri hiyohiyo, ambayo kwa kawaida hudumu saa mbili au zaidi kidogo. Waundaji wameamua kwamba mvaaji ndiye wa kwanza kuhudumiwa, na mtazamaji apate kinachobaki. Uamuzi huo ni sahihi, hata kama mwenye televisheni kubwa ataona picha yenye ukungu.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mwalimu ni ucheleweshaji. Picha lazima ibanwe, irushwe, ipokelewe, ifumuliwe na hatimaye ionyeshwe, na kila hatua hula muda. Jumla yake yaweza kuwa sehemu ya sekunde, na mara nyingine ikafika sekunde nzima au kuzidi. Kwa anayetazama mchezo wa kupiga ngumi hilo halina madhara. Kwa mkufunzi wa upasuaji, neno "simama" litamfikia mwanafunzi wakati kisu kimekwisha kupita. Anayeelekeza kwa kutazama televisheni hulazimika kutoa maelekezo kabla ya kila hatua, na masahihisho ayaache hadi hatua imalizike. Televisheni nyingi za kisasa zina mpangilio wa michezo ambao hupunguza sehemu ya ucheleweshaji inayotokana na televisheni yenyewe, nao unafaa kuwashwa.

Njia zinazotumika

Njia ya moja kwa moja ni kutumia Chromecast, kifaa kidogo cha Google kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI, au televisheni yenye uwezo huo ndani yake. Mvaaji wa Quest hubonyeza kitufe chenye nembo kwenye kidhibiti cha mkono wa kulia, hufungua sehemu ya Kamera, huchagua kurusha picha, na orodha ya vifaa vilivyo kwenye mtandao huo hujitokeza mbele yake. Akichagua televisheni, kitone chekundu huonekana ndani ya miwani kumkumbusha kwamba wengine wanatazama.

Chromecast ya kwanza ilitoka mwaka 2013, na mwezi Agosti mwaka 2024 Google ilitangaza kwamba inaacha kuitengeneza na kuleta kifaa kingine badala yake. Vifaa vya zamani bado viko sebuleni mwa wengi, lakini vina udhaifu wake. Mwezi Machi mwaka 2025, Chromecast za kizazi cha pili katika nchi mbalimbali zilikataa kupokea picha kwa sababu cheti cha kidijitali kinachothibitisha uhalali wake kilikuwa kimeisha muda. Google ilirekebisha hitilafu hiyo baada ya siku kadhaa. Wenye vifaa hivyo hawakuwa wameharibu chochote.

Njia ya pili ni simu. Programu ya Meta Horizon iliyo kwenye simu ya mwenye miwani hupokea picha kwanza, kisha simu nayo huakisi skrini yake kwenye televisheni, kwa mfumo wa AirPlay ikiwa ni iPhone, au kwa mfumo mwingine ambao simu na televisheni husika zote zinauelewa. Hapa picha hupita angani mara mbili na ucheleweshaji huongezeka. Njia hii inafaa pale tu ambapo televisheni haitokei kwenye orodha ya miwani.

Njia ya tatu haisifiwi sana ingawa ndiyo yenye kutegemewa zaidi. Picha hupokelewa kwenye kivinjari cha kompyuta ya mkononi, kupitia ukurasa maalumu wa Meta, kisha kompyuta huunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI. Miwani inabaki bila waya, mvaaji anatembea apendavyo, na sehemu ya safari iliyokuwa na hatari ya kukatika imepata waya. Darasani, ambako wanafunzi 20 wanasubiri, ni heri waya mmoja ukutani kuliko nusu saa ya kutafuta kifaa kisichoonekana.

Miwani ya Vision Pro ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi Februari mwaka 2024, hutumia AirPlay kuifikia televisheni inayoupokea mfumo huo.

Mtandao wa ndani na kifurushi cha intaneti

Katika nchi za ukanda huu, swali la kwanza la mtumiaji huhusu gharama: je, kurusha picha kunamaliza kifurushi? Picha yenyewe kwa kawaida haitoki nje ya nyumba. Husafiri kutoka kwenye miwani hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye televisheni, hivyo haihesabiwi na kampuni ya simu. Hata hivyo, intaneti haiepukiki kabisa, kwa kuwa Chromecast huihitaji ili kuanzisha upokeaji, na ukurasa wa kivinjari hauwezi kufunguliwa bila akaunti. Kinachotumika hapo ni kidogo kikilinganishwa na kutazama video mtandaoni.

Sharti kuu ni kwamba miwani na chombo kinachopokea viwe kwenye mtandao mmoja. Penye ruta yenye bendi mbili, ile ya gigahezi 5 ndiyo bora, kwani ina njia pana na msongamano wake ni mdogo kuliko ile ya gigahezi 2.4. Udhaifu wake ni kwamba haipenyi kuta nene, hivyo ruta inapaswa kuwa chumba kimoja na mvaaji. Kuhamisha ruta kutoka ukumbini hadi chumba cha mafunzo huleta nafuu kubwa kuliko kununua ruta ya bei ghali.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko vyuoni, hospitalini na hotelini. Mitandao ya taasisi hizo mara nyingi hupangwa ili vifaa visionane, kwa ajili ya usalama. Kila kimoja kinapata intaneti, lakini miwani haiioni televisheni iliyo umbali wa mita mbili. Wengi hudhani miwani imeharibika. Ufumbuzi ni kumwomba msimamizi wa mtandao aruhusu vifaa hivyo viwili vionane, au kuleta ruta ndogo ya pekee kwa ajili ya darasa. Simu iliyowashwa kama kituo cha Wi-Fi nayo yaweza kutumika, ingawa baadhi ya simu huvitenga vifaa kama zifanyavyo taasisi.

Umeme ni suala jingine. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji katika bwawa la Kariba, Zambia ilipitia mgao mkali wa umeme. Umeme unapokatika, miwani huendelea kufanya kazi kwa betri yake, lakini ruta na televisheni huzimika, na mkufunzi hubaki gizani ilhali mwanafunzi yumo katikati ya upasuaji wake wa kuigiza. Kompyuta ya mkononi na simu iliyowashwa Wi-Fi huweza kuendeleza somo bila umeme wa gridi, kwa skrini ndogo zaidi.

Kumtazama mtu, si skrini peke yake

Televisheni huonyesha ulimwengu wa kuigiza, haionyeshi chumba. Anayeitazama kwa makini ataona mpira unaomjia mchezaji lakini hataona meza ya kioo ambayo mchezaji huyo anaielekea. Miwani ina mpaka wa kidijitali unaojitokeza mvaaji anapoukaribia, lakini mpaka huo haumjui mtoto aliyeingia chumbani ghafla. Kwa hiyo panapokuwa na watazamaji wengi, ni vyema mmoja wao apewe kazi ya kumtazama mvaaji mwenyewe.

Suala la watoto lina uzito wake. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilishusha umri wa chini wa kutumia Quest kutoka miaka 13 hadi 10, kwa sharti kwamba akaunti ya mtoto isimamiwe na mzazi. Mzazi anayeona kwenye televisheni kile ambacho mtoto anakiona, pamoja na watu anaozungumza nao humo, ana nafasi ya kuingilia mapema. Huo ni ulinzi ambao vichujio vya programu haviwezi kuchukua nafasi yake.

Watazamaji nao huweza kudhurika kidogo. Kichwa cha binadamu hakitulii, na picha inayofuata kila mgeuko wake, ikikuzwa kwenye skrini ya inchi 55, humtia kizunguzungu aliyeketi karibu. Mipangilio ya kamera ya Quest ina sehemu ya kupunguza mtikisiko huo, na kuketi mbali zaidi husaidia.

Filamu zenye ulinzi wa hakimiliki kwa kawaida hazirushwi, na televisheni huonyesha giza pale mvaaji anapozifungua. Hiyo si hitilafu ya mtandao. Kwa upande mwingine, kisicholindwa huonekana chote, ukiwemo ujumbe unaoingia, majina ya marafiki na maandishi yanayochapwa. Anayetaka kuandika nywila anapaswa kusitisha urushaji kwanza. Kuzima televisheni hakutoshi, kwa kuwa Chromecast yenye umeme wake yaweza kuendelea kupokea picha. Urushaji huzimwa kutoka ndani ya miwani, na kitone chekundu kikitoweka ndipo mvaaji anajua kwamba hakuna anayetazama tena.