Mkono wa Laocoön

Januari 14, 2026 ilitimia miaka 520 tangu sanamu ya Laocoön ifukuliwe katika shamba la mizabibu la Felice de Fredis, mjini Rome. Papa Julius II alimtuma msanifu majengo Giuliano da Sangallo akaitazame. Giuliano akaongozana na Michelangelo, huku mwanawe Francesco, angali mtoto, akiwa amebebwa mgongoni. Mwaka 1567, mtoto huyo akiwa mzee, alisimulia kwa barua jinsi baba yake alivyoitambua papo hapo: ndiyo ile ambayo Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, aliisifu kuliko kazi nyingine zote za sanaa.

Laocoön alikuwa kuhani wa Troya. Katika simulizi ya mshairi wa Kirumi Virgil, aliwaonya wenzake wasimwamini farasi wa mti aliyeachwa na Wagiriki, akamchoma mkuki ubavuni. Wakatoka baharini nyoka wawili, wakamuua yeye na wanawe.

Sanamu ilitoka ardhini haina mkono wa kulia, na hapo ubishi ukaanza. Ulinyooka juu au ulikunjwa? Mnamo 1510 hivi, msanifu majengo Bramante aliwashindanisha wachongaji kutengeneza nakala za nta. Mchoraji Raphael, aliyekuwa mwamuzi, alimpa ushindi kijana Jacopo Sansovino. Mwaka 1532 mchongaji Giovanni Montorsoli akaiwekea sanamu mkono ulionyooka, mkono wa shujaa ambaye bado ana matumaini. Watu wakaupenda. Majeshi ya Napoleon yaliipeleka sanamu Paris, ikarudi Rome mwaka 1816.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Pollak, mtaalamu wa sanaa ya kale mzaliwa wa Prague, alikuta kipande cha mkono wa marumaru katika karakana ya mchonga mawe mjini Rome. Kiwiko kimekunjwa, misuli imetuna, nyoka amejiviringisha juu yake. Pollak alikikabidhi Vatican. Hata hivyo, ulipita muda wa nusu karne kabla ya mwanaakiolojia Filippo Magi kukiunganisha na bega, mwishoni mwa miaka ya 1950. Tundu la begani lililingana na la mkononi.

Pollak hakuishi kuiona siku hiyo. Oktoba 16, 1943, Wanazi walipowasaka Wayahudi wa Rome, walimkamata pamoja na mkewe na watoto wake wawili, wakawapeleka Auschwitz. Hakurudi hata mmoja.

Ni dhuluma kwamba kila anayeisimulia sanamu hii humtaja Michelangelo, aliyesimama kando ya shimo, huku jina la Pollak likirukwa. Bila jicho lake, Laocoön angeendelea kuonekana kama mtu anayekaribia kushinda. Nakala nyingi za zamani barani Ulaya bado zimeinua mkono. Katika ua wa Belvedere, Vatican, mkono umerudi nyuma ya kichwa, na nyoka ameshafika nyongani.