Enanga na Mitambo ya Kuunda Sauti

Wako wanaodhani kwamba muziki uundwao kwa umeme ni jambo geni lisilohusiana hata kidogo na urithi wetu. Sisi twaona vingine.

Katika nchi ya kale ya Karagwe, ambayo wilaya ya Kyerwa ilimegwa kwake mwaka 2012, Wanyambo na ndugu zao Wahaya wana chombo kiitwacho enanga. Uzi hupitishwa mara 7 au 8 juu ya mti uliochongwa mfano wa chano, na mpigaji huucharaza kwa vidole huku akiimba tenzi za mashujaa. Mskoti J. A. Grant, aliyekuwa mgeni wa Mtawala Rumanyika miaka ya 1861 na 1862, alikieleza chombo hicho kitabuni mwaka 1864. Lakini kalamu haikuweza kuhifadhi mlio wake.

Mitambo ya kunasa sauti ilipopatikana, Mwafrika hakubaki nyuma. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alinasa kwa mashine ya waya sauti za wanawake katika ngoma ya zari. Kisha, katika studio ya redio, alichuja baadhi ya milio na kuongeza mwangwi, ukazaliwa utungo mpya. Pierre Schaeffer wa Ufaransa alitoa tungo zake za namna hiyo mwaka 1948.

Iliwezekana pia kuunda mlio bila ya kuunasa. Mwaka 1983, Kevin Karplus na Alexander Strong wa Marekani walieleza njia ya kuiga uzi uliovutwa na kuachiwa. Kompyuta hupewa mvumo mfupi usio na mpangilio, ikauzungusha mfululizo huku ikisawazisha kila kipimo na jirani yake. Milio myembamba hufifia kwanza, mizito hudumu, kama ilivyo katika uzi wa kweli.

Hapo ndipo penye hatari. Kijana wa Kayanga au Nkwenda aweza leo kupata mlio wa uzi pasipo kumwona mpigaji. Lakini hesabu haijui ni wapi mkono utulie ili jina la shujaa lisikike, wala haijui Kinyambo. El-Dabh aliwasikiliza watu kwanza, ndipo akashika mitambo. Vijana wetu wanaojifunza kazi ya studio hawana budi kwenda kwanza kwa wazee, wanase enanga kwa idhini yao pamoja na maelezo ya kila utenzi, kisha waunde watakacho. Mpigaji akifa bila ya kusikilizwa, hakuna mtambo utakaomrudisha.