Mti wa kitako cha bunduki, na miche yetu

Wababa, wamama na vijana wa mutualite yetu, pamoja na nyinyi wafadhili,

Kuna swali linarudi kila mara tunapoketi pamoja: mbona shirika la kusaidia wanaorudi vijijini linatoa pesa ya miche ya miti, na watu wako wanahitaji bati na chakula? Tumeona tujibu kwa historia ya kipande cha mbao ambacho sisi wote tumekiona, hata kama kwa woga: kitako cha bunduki.

Wakati wa ukoloni, askari wa Force Publique walibeba Albini, halafu Mauser ya Ubelgiji. Kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal, karibu na Liège, mwaka 1889, kusudi kitengeneze Mauser 150 000 kwa jeshi la Ubelgiji. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi, ule tunaita noyer kwa Kifaransa.

Juu ya nini noyer? Hauko mzito sana, haupasuki ovyo kwa mshindo wa risasi, na ukikauka vizuri haupindi. Kitako cha mbao mbichi kinapinda, kinasukuma mtutu, na risasi inaenda pembeni. Tena nyuzi za mti lazima zifuate urefu wa shingo ya kitako. Zikikatiza, kinavunjika pale pale. Seremala wa Butembo anajua sheria hiyo kwa mguu wa kitanda, na mkulima anaijua kwa mpini wa jembe.

Lakini mti wa jozi unaomba miaka 50 na zaidi mpaka utoe ubao mzuri, na kukausha ubao kunaomba muda tena. Vita haingoji. Katika Vita ya Pili ya Dunia, noyer haikutosha. Waingereza wakachukua pia hêtre na bouleau, miti ya kawaida ya nchi za baridi. Wajerumani wakashikanisha mbao nyembamba kwa gundi. Warusi nao walitumia bouleau kwa Kalashnikov, na kwa AKM ya mwaka 1959 wakaiweka tabaka kwa tabaka, na gundi katikati. FAL ya FN, iliyojulikana sana Kongo miaka ya 1960, ilianza na kitako cha mbao ikaishia kwa plastiki. Viwanda viliweza kuongeza chuma, lakini hakuna kiwanda kilichoweza kuharakisha mti.

Jeshi lilipokosa mbao nzuri lilipata njia ingine. Sisi njia hiyo hatuna. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika teritware ya Beni, nyumba nyingi zimechomwa, na kila familia inayorudi inahitaji boriti, mlango na kitanda, wote kwa wakati moja. Libuyu na mvule za misitu ya Beni na Mambasa tunaziona tu zikipita katika malori kwenda Kasindi, Uganda mpaka Kenya. Mtu aliyerudi mikono mitupu hawezi kushindana na mnunuzi wa kule.

Ndiyo maana ya miche. Mikaliptusi inatoa miti ya kujengea kisha miaka michache, lakini tusiipande karibu na chemchemi, juu inakunywa maji mengi. Grevilea inakaa vizuri pamoja na kahawa, na baadaye inatoa mbao na kuni. Libuyu na mvule tuzipande kwa ajili ya wajukuu.

Wafadhili, bati mnayotupa inaomba mti wa kuishika. Memba, mvua ikianza, kila nyumba ije ichukue miche yake, ipande, na iilinde na mbuzi. Mwaka tuliokosa kupanda haununuliwi tena.