Minyoo Iliyohama na Mbuzi

Nilipoanza kazi ya ubwana mifugo katika bonde la Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1983, mzee niliyemkuta kituoni alinifundisha kwanza kupasua tumbo la nne la mbuzi. Alilifungua kwa kisu kidogo, akalimwagia maji, akaniambia niiname. Nikaona nyuzi hai, ndefu kama kucha mbili, nyekundu kwa damu, zimezungukwa na mstari mweupe. "Mbuzi wako hafi kwa njaa, mwanangu," alisema. "Ananyonywa." Baadaye nilijua kwamba jike mmoja wa minyoo hiyo hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku.

Kwangu mimi, historia ya Usangu imo katika nyuzi zile. Wasangu walifuga tangu zamani. Enzi za ukoloni wakaja Wabaluchi, wakafuga na kuuza ng'ombe. Wamaasai Waparakuyo wakashuka miaka ya 1950, kisha Wasukuma, wengi wao miaka ya 1970 na 1980, wakiswaga makundi yao kutoka kaskazini. Kila kundi lilifika na minyoo yake, na malisho ya kinamasi cha Ihefu, humo bondeni, yalikuwa mamoja: mbuzi wa huyu alikula palipoangushwa kinyesi na mbuzi wa yule. Ndiyo maana wataalamu wa vinasaba, wanapoupima mnyoo huu, Haemonchus contortus, katika nchi ambako mifugo huhama sana, hukuta tofauti nyingi ndani ya zizi moja na chache kati ya zizi na zizi.

Utajiri huo wa vinasaba ndio uliotuponza. Dawa ya thiabendazo ilitoka mwaka 1961. Kufikia 1964 Marekani walikuwa wamekwisha kuona minyoo inayoihimili. Katika mamilioni, michache huwa imezaliwa na badiliko dogo, na badiliko hilo linatosha kuihimili dawa. Sisi tuliisaidia. Nilikadiria uzito wa mbuzi kwa jicho. Mfugaji alizimua chupa moja ya albendazo, dawa ya jamii hiyohiyo, ili itoshe zizi zima. Tena tulimpa mbuzi kipimo cha kondoo, ilhali mwili wa mbuzi huivunja dawa hiyo haraka zaidi. Minyoo dhaifu ikafa, sugu ikabaki kuzaana. Nasema haya kwa uchungu, maana mkono ulionywesha ulikuwa wangu.

Nilipohamia Mufindi, Iringa, baridi ya Juni na Julai ilitusaidia kidogo. Mayai hayaanguliwi vizuri kwenye baridi kali. Lakini mbuzi wa mnadani waliendelea kupanda mlima, na mvua ziliporudi, ugonjwa ulirudi nazo: kope nyeupe kwa ndani, uvimbe chini ya taya.

Mwaka 2006 serikali iliamuru mifugo iondoke Ihefu. Mingi ilipelekwa Lindi, pamoja na kilichokuwa matumboni.

Ndugu mfugaji, ukinunua mbuzi mnadani, usimwingize zizini siku hiyohiyo. Mtenge, mpime uzito, mpe dawa kwa kipimo chake kamili, na baada ya wiki mbili peleka kinyesi chake kikapimwe. Mayai yakionekana bado, dawa hiyo imekwisha kushindwa na minyoo yake.