Mtawanyiko au Ruwaza? Bunduki ya Marisaa Mbele ya Karatasi

Mwenye bunduki ya marisaa anayeijaribu kwa mara ya kwanza kwenye karatasi kubwa nyeupe aghalabu huondoka na malalamiko. Upande mmoja matundu yamesongamana, upande wa pili pana pengo ambalo kanga angepita mzima. Lawama huanza kwa mtutu, zikaenda kwa muuza risasi, zikaishia kwa fundi. Mara nyingi wote watatu hawana hatia. Tatizo ni kutolielewa jambo lenyewe, ambalo Waingereza huliita pattern na ambalo kwa Kiswahili linahitaji jina litakaloeleza kinachotokea hasa.

Marisaa, au marisau kama wengine wanavyotamka, ni chembe ndogo za mviringo zinazojazwa kwa mamia ndani ya ganda moja. Risasi ya kasiba namba 12 yenye gramu 28 za marisaa namba 7½ ya Kimarekani hubeba chembe zipatazo 350. Zikishatoka mdomoni mwa mtutu huanza kuachana, na kadiri zinavyosafiri ndivyo zinavyozidi kutengana. Namna ya kuzipima ni ya siku nyingi: karatasi husimamishwa umbali wa yadi 40, yaani mita 36.6, ikapigwa risasi moja tu. Kisha huchorwa duara lenye kipenyo cha inchi 30, karibu sentimita 76, kuzunguka mahali palipojaa matundu zaidi. Matundu ya ndani ya duara huhesabiwa na kulinganishwa na idadi ya chembe zilizokuwamo kwenye ganda. Asilimia inayopatikana ndiyo kipimo. Mtutu usio na mbano wowote mdomoni hutarajiwa kuingiza chembe 40 katika kila 100. Wenye mbano kamili, 70.

Mbano huo ni ule wembamba kidogo unaowekwa karibu na mdomo wa mtutu. Kwa kasiba namba 12, yenye upana wa takriban milimita 18.5, hata mbano kamili hupunguza takriban milimita 1 tu. Fundi William Rochester Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza yake mwaka 1866, na Wamarekani nao humtaja mwindaji wa mabata Fred Kimble wa Illinois kuwa miongoni mwa waasisi. Ubishi kuhusu faida yake ulipimwa hadharani mwaka 1875, gazeti la The Field lilipoendesha majaribio jijini London. Karatasi ndizo zilizoamua, na mitutu yenye mbano ikaipiku ile ya zamani.

Sasa jina. Anayetafsiri haraka hushika neno ruwaza, kwa kuwa limezoeleka katika isimu na hisabati. Lakini ruwaza ni mpangilio unaojirudia: vina vya utenzi, maua ya mkeka, viambishi vya kitenzi. Karatasi moja ya shabaha haina mpangilio wa aina hiyo. Risasi ya pili kutoka bunduki ileile na boksi lilelile haitatoboa palepale ilipotoboa ya kwanza. Mtawanyiko unafaa zaidi, na sarufi yenyewe inausaidia. Kitenzi tawanya kinataka mtendaji anayepeleka kila kitu mahali pake. Tawanyika kinaeleza hali inayovipata vitu vyenyewe. Mpigaji hulenga tu. Hakuna anayeiambia chembe ya 200 ipite wapi.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao, kwani anayetarajia ruwaza akikuta pengo huona ubovu, hali anayetarajia mtawanyiko hujua kwamba mapengo hayakwepeki. Hesabu ni rahisi. Tuseme chembe 175 zimeingia ndani ya duara, nusu ya zile 350, na zimeangukia popote kwa nasibu. Eneo la duara ni takriban sentimita za mraba 4,560. Kisahani cha udongo kinachorushwa katika mashindano kina kipenyo cha milimita 110, kwa hiyo uso wake ni kama sentimita za mraba 95. Kwa wastani kila eneo la ukubwa huo litapata chembe 3 au 4. Hata hivyo, uwezekano wa eneo kama hilo kukosa kabisa ni kama 26 katika kila 1,000, na ndani ya duara yanaenea maeneo 48. Maana yake ni kwamba bunduki nzima, yenye risasi nzuri, itaonyesha pengo moja la ukubwa wa kisahani karibu katika kila karatasi. Idadi nayo hupanda na kushuka: leo 160, baadaye kidogo 190, bila kitu chochote kuharibika.

Wamarekani Oberfell na Thompson walilichambua jambo hili katika kitabu walichokitoa mwaka 1957 kupitia Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, na somo lake kubwa ni kwamba karatasi chache hazitoshi kuihukumu bunduki. Karatasi 10 ni mwanzo wa heshima. Zote zipigwe kwa boksi moja la risasi, umbali uleule, na risasi moja ikatwe ili chembe zake zihesabiwe badala ya kuamini maandishi ya boksi. (Na bunduki iwe tupu, imefunguliwa, kabla mtu yeyote hajaiendea shabaha. Hili halihitaji hesabu.)

Karatasi zikishapangwa juu ya meza, neno ruwaza linarudi kwa haki yake. Pengo linalohamahama ni la nasibu. Likitokea upande uleule karatasi baada ya karatasi, hapo kuna kitu.

Kitu gani? Kwanza itazamwe kama mtawanyiko wote umehama kutoka alama iliyolengwa. Huo si mtawanyiko mbaya. Ni mtutu, mbano au kitako kinachopeleka marisaa kando, na dawa yake ni tofauti kabisa. Mbano wa kufungwa kwa skrubu ukikaa upande, au usipokazwa, huleta kosa hili. Mtutu uliobonyea nao ni wa kushukiwa.

Pili ni marisaa yenyewe. Madini ya risasi, yanayotengenezewa marisaa ya kawaida, ni laini. Baruti inapolipuka, chembe za nyuma hukandamizwa na zile za mbele, na zinazogusa ukuta wa mtutu husuguliwa. Chembe iliyobaki mviringo huenda moja kwa moja. Iliyopondeka hupotea njia. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya antimoni ili kuyafanya marisaa magumu, na ndiyo sababu kikombe cha plastiki kinachoyakinga, kilichoenea katika miaka ya 1960, kilileta mabadiliko makubwa. Marisaa ya chuma hayapondeki kirahisi, hivyo hukaa karibu karibu hata kwa mbano mdogo. Anayeyapitisha kwenye mbano kamili anaweza kuharibu mtawanyiko, na mtutu pia.

Chanzo cha tatu ni cha zamani. Maganda mengi yalizibwa mbele kwa kijiduara cha karatasi ngumu, nacho kikitangulia hewani kiliyasukuma marisaa pembeni na kuacha katikati patupu. Mdomo wa ganda unaokunjwa ulilimaliza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Mabaki ya plastiki na risasi yaliyoganda ndani ya mbano ni kosa dogo zaidi, ila ndilo la kuondoa kwanza kwa kuwa brashi na mafuta ni rahisi kuliko mtutu mpya.

Karatasi ina mipaka yake. Inaonyesha upana tu, ilhali marisaa huruka kwa msururu wenye urefu wa mita kadhaa. Mwandishi Bob Brister wa Texas aliupima kwa kupiga shabaha iliyokokotwa na gari huku mkewe akiliendesha, na akaeleza matokeo katika kitabu chake cha mwaka 1976. Mke huyo alistahili jina kwenye jalada.

Watunzi wa kamusi basi wangefanya vema kuyapa maneno haya mawili kazi mbili: mtawanyiko wa marisaa kwa kinachoonekana kwenye karatasi moja, ruwaza kwa kinachojirudia katika nyingi, na maelezo yataje umbali na duara. Mwenye bunduki naye asiipeleke kwa fundi kabla hajapiga karatasi 10 na kusafisha mtutu.