Kutuma koli ngambo kutoka Masisi na Walikale: hatari inaanza mbali na posta

Karibu kila familia ya Masisi ao Walikale iko na mtu ngambo. Kuna aliyetoka kambi ya wakimbizi Uganda akapelekwa Marekani ao Canada, kuna aliyefuata masomo Ubelgiji, kuna aliyeolewa Ufaransa. Siku moja anaandika kwenye WhatsApp: «Nitumieni diplome yangu.» Ao mama mkwe anataka kumpelekea mkaza mwana kitenge na kidogo cha kula cha kwetu. Hapo maswali yanaanza. Koli itapita wapi? Na ikipotea, ni nani atajibu?

Posta ya serikali ni SCPT, ile ambayo wazee bado wanaita OCPT. Kwa karatasi, Congo ni memba wa Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Berne, Uswisi, mwaka 1874, na barua yetu iko na haki sawa na barua ya nchi nyingine yoyote. Lakini katika vijiji vyetu hakuna mfaktari anayepita nyumba kwa nyumba. Mtu wa Masisi-centre iko na kilometa karibu 80 za barabara mbovu mpaka Goma. Wa Walikale wanachagua: kushuka Goma, ao kuzunguka kwa Lubutu mpaka Kisangani, ao kupita Hombo na Bunyakiri mpaka Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita ilipoingia mjini. Ndiyo sababu koli nyingi sasa zinavuka mupaka kwanza: Gisenyi kwa posta ya Rwanda, ao Bunagana kwenda upande wa Uganda.

Sasa angalia vizuri safari hiyo. Kutoka nyumbani kwako mpaka kwa gishe ya posta, koli inabebwa na motari, kisha na shofere, kisha na komisioneri wa mupakani. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekupa karatasi. Sheria zote za posta ambazo tutasema hapa chini zinaanza kufanya kazi pale tu mtu wa gishe anapopiga muhuri. Mbele ya muhuri, kwa macho ya posta koli yako haiko duniani. Ikinyeshewa Mweso, ikifunguliwa kwa bariyeri, ikibaki kwa depo fulani Sake, hakuna buro itakayopokea malalamiko.

Kwa hiyo karatasi ujitengenezee mwenyewe. Piga picha ya kila kitu mbele ya kukiweka ndani. Andika liste mara mbili, moja ndani ya koli, moja ubaki nayo, na yule anayebeba aweke jina, sinyatiri na namba ya simu. Kama gari ni ya ajansi, dai resi, hata kama shofere ni shemeji yako. Na usifunge koli kwa skochi mpaka mwisho! Itafunguliwa tu: kwa bariyeri, kwa duwane, na kwa gishe yenyewe, kwani posta iko na haki ya kuona kilicho ndani. Koli iliyokazwa kama jeneza inaleta mashaka, na inarudi imepasuka. Bora uifunge mbele ya gishe.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirie: jina la mtumaji. Komisioneri wa Gisenyi akijaza fomu kwa jina lake, kwa posta yeye ndiye mtumaji. Koli ikirudishwa, inarudi kwake. Ikipotea, ni yeye anayeweza kufungua dosie, na kama kuna malipo, kwa kawaida ni yeye atakayelipwa. Dosie yenyewe inafunguliwa kwa posta iliyopokea koli, ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata siku ya kuituma, na unaonyesha resi. Basi muombe picha ya resi siku ileile, pesa ya komisioni ikiwa bado mfukoni mwako. Namba ya kufuatilia inatambulika rahisi: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. RW ni Rwanda, UG ni Uganda, CD ni kwetu. Mtu akikupa namba ambayo haina umbo hilo na anasema ni ya posta, muulize tena.

Na malipo yenyewe ni kiasi gani? Umoja wa Posta unahesabu kwa DTS, pesa ya hesabu ya Mfuko wa Fedha wa Kimataifa, na DTS moja inazidi kidogo dola moja. Barua ya rekomande iliyopotea ni DTS 30. Koli ya kawaida ni DTS 40, pamoja na DTS 4,50 kwa kila kilo. Koli ya kilo 5 inafika DTS 62,50, maana yake dola 80 na kitu, hata kama ndani kulikuwa vitenge vya dola 300. Anayetaka zaidi anatangaza thamani na kulipa asiransi, kama posta ile inaitoa.

Sasa sikia kitu kinachotugusa sisi zaidi. Sheria hizo zinaondolea posta daraka kukiwa «force majeure», yaani nguvu isiyozuilika, na vita imo. Sisi tunatuma mizigo kutoka mahali ambapo tarehe 19 mwezi wa tatu 2025 Walikale-centre ilibadilisha mikono na wiki mbili baadaye ikabadilisha tena. Mtu wa huku akisoma mstari huo wa force majeure, anajua umeandikwa kwa ajili yake.

Vitu vingine havifai kuondoka kabisa. Fromaji ya Masisi, tunajua, hakuna zawadi inayopita ile. Lakini nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali nyama wala maziwa katika koli za watu kutoka nje, na fromaji ni maziwa: duwane inaichukua na kuiharibu. Nyama ya pori ni vilevile, na mbaya zaidi. Magamba ya pangolini, manyoya mekundu ya kasuku wa msitu wa Walikale, meno ya chui ya kofia ya mwami: wanyama wote hao wako kwenye daraja la juu la ulinzi la mkataba wa CITES, pangolini na kasuku tangu mwezi wa kwanza 2017. Anayetuma kama kumbukumbu ya babu anaweza kumtafutia mtoto wake kesi ngambo.

Dhahabu, vito na noti za pesa haviruhusiwe katika koli isiyo na asiransi, na nchi nyingine zinavikataa hata nayo. Mawe ya coltan na kasiteriti hayatoki Congo bila karatasi, kama zile za CEEC, na «kidogo tu ya kumuonyesha mzungu» haibadilishe kitu. Betri ya simu peke yake hapana. Simu yenye betri ndani, uliza, kwani si kila posta iko na ruhusa. Na mtu akikuletea pakiti iliyofungwa, «weka tu ndani ya koli yako, ni dawa ya kienyeji ya dada», kataa. Jina kwenye fomu ni lako.

Fomu hiyo ya duwane, CN22 kwa koli ndogo ao CN23 kwa kubwa, ijazwe kwa Kifaransa ao Kiingereza, kitu kwa kitu: «vitenge 3, pamba, dola 30». Neno «cadeau» peke yake halitoshe. Ulaya, zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 haitozwe kodi. Juu ya hapo, anayepokea analipa mbele ya kupewa. Marekani iliondoa msamaha wa koli za chini ya dola 800 tarehe 29 mwezi wa nane 2025, ikabakiza zawadi zisizozidi dola 100, na posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda koli za kwenda huko. Piga simu kwa gishe mbele ya kumlipa motari.

Tumalizie na karatasi, kwani kitenge kinanunuliwa tena. Diplome d'État ya orijinali, cheti cha ubatizo, acte de naissance: kwetu kuna parokia na maburo ambayo vitabu vyao viliungua ao vilikimbia na watu, na duplikata haitatoka popote. Kwanza tuma skani. Pili, muulize ndugu yako: ofisi imeandika kwamba inataka orijinali, ao yeye ndiye anafikiri hivyo? Mara nyingi kopi yenye muhuri inatosha. Kama orijinali inadaiwa kweli, barua hiyo ya ofisi aitume, muisome pamoja. Kisha karatasi ipewe mtu wa familia anayesafiri, aibebe mkononi, si kwenye valizi. Kama hakuna anayesafiri, basi rekomande ao kampuni ya haraka kama DHL, bahasha moja kwa karatasi moja, kwa jina lako mwenyewe. Na kopi mbili zenye muhuri zibaki katika nyumba mbili tofauti, moja mbali na barabara.